Ovaflo ya kuning'iniza kwenye tenki la matumbawe: kuichagua na kuitunza ukijua umeme utakatika

Ukishaamua kuweka sampu, yaani tenki dogo la pili, chini ya tenki lako la maji ya chumvi, kichwa kinaanza kuuma kwenye swali moja tu, maji yatashukaje. Kupandisha ni rahisi, unanunua pampu unachomeka basi. Kushusha ndio kazi, kwa sababu pampu inasukuma muda wote bila kuuliza na maji lazima yashuke kwa kasi ileile yanayopandishwa, yakigoma hata dakika chache tu zulia limeshalowa. Na kwa sisi wa Dar ambako umeme unaweza kuondoka na kurudi mara kadhaa jioni moja, ovaflo ya kuning'iniza, yaani kifaa cha kushushia maji kinachoning'inia kwenye ukingo wa tenki, huipimi kwa inavyofanya kazi umeme ukiwepo, umeme ukiwepo hata ya hovyo inashusha maji vizuri tu. Unaipima kwa kinachotokea umeme ukirudi saa nane usiku na wewe umelala.

Kabla ya kununua chochote jiulize kwanza kama unaihitaji kweli. Ovaflo ya kuning'iniza ni ya mtu ambaye tenki lake tayari lina maji na samaki na matumbawe ndani, au kioo chake ni cha tempa, kile ambacho dreli ikikigusa tu kinapasuka chote vipande vidogo vidogo. Kama tenki bado liko kwa fundi wa vioo, aisee mwambie atoboe tundu kabla hajagandisha na silikoni, vioo vya kawaida wanavyotumia mafundi wetu vinatoboleka bila shida kwa biti ya almasi na maji ya kupoza, na tenki lililotobolewa ni salama kuliko hiki kitu tunachokiongelea leo, hilo nalisema wazi tu. Halina saifoni (maji kujivuta yenyewe kwenye bomba) ya kukatika. Matenki ya kiwandani yanayotoka nje ndio ya kuwa nayo makini, mengi kioo cha chini ni tempa na mengine hata cha pembeni. Kuna kipimo cha nyumbani: weka laptop yenye skrini nyeupe upande mmoja wa kioo, vaa miwani ya jua ya polaroidi, angalia kioo kutoka upande wa pili huku ukigeuza geuza kichwa. Kioo cha tempa kinaonyesha madoa au mistari ya kiza kiza, cha kawaida kinabaki safi. Ukiona hayo madoa usitoboe, ning'iniza.

Sasa inavyofanya kazi, maana usipoelewa hapa huwezi kuchagua wala kutunza. Kuna kisanduku cha ndani, kinakaa ndani ya tenki na juu kina meno, maji ya usoni yanamwagikia humo kupitia hayo meno, na hii ni faida kubwa kwa sababu utando wa mafuta unaokaa juu ya maji unaondoka na mwanga unaingia vizuri na gesi zinabadilishana. Kuna kisanduku cha nje kinachoning'inia nyuma ya tenki. Katikati kuna bomba la U lililopinduliwa linalopita juu ya ukingo, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, limejaa maji bila hewa. Ni saifoni ileile ya kunyonya petroli kwa mpira, maji yanapanda juu ya ukingo yenyewe kwa sababu upande wa pili uko chini kidogo.

Siri iko kwenye kisanduku cha nje. Ndani yake kuna ukuta mfupi, maji yakitoka kwenye bomba la U yanapaswa kupanda hadi juu ya huo ukuta ndipo yaangukie kwenye tundu la kwenda sampu. Umeme ukikatika pampu inasimama, maji ya tenki yanashuka hadi usawa wa meno yanaishia hapo, kisanduku cha ndani kinashuka hadi kulingana na ule ukuta wa nje, na saifoni inatulia. Lakini miguu yote miwili ya bomba bado imezama kwenye maji kwa hiyo hewa haiingii. Umeme ukirudi maji yanapanda tena juu ya meno na saifoni inaendelea yenyewe kama vile hakuna kilichotokea. Ukiona ovaflo dukani haina huo ukuta, au ukuta uko chini kuliko mdomo wa bomba la U, iache hapohapo hata kama bei ni ya kutupa, hiyo umeme ukikatika mara moja tu saifoni imekufa, na ukirudi pampu itajaza tenki hadi limwagike.

Aina ziko mbili kubwa. Ya kwanza ndio hiyo ya bomba la U, Eshopps na LifeReef za Marekani wanajulikana kwa za namna hiyo. Ya pili haina bomba, ina njia pana bapa ya akriliki inayopita juu ya ukingo, CPR ndio wanajulikana kwa hizo, na kwa kuwa njia ni pana maji yanatembea polepole na vipovu vya hewa vinakusanyika juu, hivyo inategemea kapampu kadogo kanakonyonya hewa muda wote. Kapampu maarufu ni Aqua Lifter, kananyonya kama lita 13 tu kwa saa, kiasi kidogo sana, na kakiziba au kakifa hakakwambii. Ovaflo inaendelea kufanya kazi siku nzuri tu huku hewa inajaa taratibu, halafu siku moja inakatika. Sisemi ni mbaya, kuna watu wanazo miaka na miaka, na zina faida kwamba hata umeme ukikatika ile njia inabaki imejaa maji. Ila kwa nyumba ambayo umeme ni wa wasiwasi mimi nachagua bomba la U, sababu ni kwamba lina kitu kimoja pungufu cha kuharibika. Na kama utachukua hiyo ya pili basi nunua kapampu kawili, kamoja ka akiba, na hakikisha kameandikwa volti 220 mpaka 240 na hezi 50, maana za Marekani ni 110 mpaka 120 na ukizichomeka hapa moja kwa moja zinaungua.

Kuna na ile ya kujitengenezea kwa paipu na elbo za PVC tupu. Inafanya kazi, ni rahisi, ila haiondoi vizuri utando wa juu wa maji na huwezi kuona hewa ndani yake kwa sababu paipu si ya kuona ndani. Kama hela ni ndogo, bora uende kwa mafundi wa mabango wale wanaokata akriliki kwa leza, uwape vipimo wakukatie vipande vya milimita 5 au 6, na wakugandishie kwa ile gundi ya maji ya akriliki inayoyeyusha na kuunganisha. Usikubali wagandishe kwa silikoni, silikoni haishiki akriliki, inaonekana imeshika halafu baada ya miezi inabanduka. Kikishatengenezwa kijaze maji kikae juu ya magazeti makavu siku nzima, ukiona gazeti limelowa hata doa dogo kirudishe.

Saizi

Watu wengi wanakosea hapa kwa kudhani kubwa zaidi ndio salama zaidi. Kwa bomba la U hiyo ni nusu ukweli.

Anza na pampu. Kwa tenki la matumbawe kupitisha kwenye sampu mara 3 hadi 5 ya ujazo wa tenki kwa saa inatosha kabisa, mzunguko wa ndani ya tenki ni kazi ya wevumeka (pampu ya kutikisa maji ndani ya tenki) sio ya pampu ya sampu. Tenki la lita 250 basi unatafuta lita 750 hadi 1,250 kwa saa zinazofika juu kweli. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ni ya pampu isiyopandisha kitu, ukipandisha mita moja na kitu na elbo mbili tatu inashuka sana, kwa hiyo pima mwenyewe: elekeza bomba la kurudisha kwenye ndoo ya lita 10 na uwashe saa ya simu, ikijaa kwa sekunde 30 una lita 1,200 kwa saa. Hiyo ndio namba yako, andika ukutani.

Ovaflo zinazotoka nje ya nchi zinaandikwa kwa galoni za Marekani kwa saa, galoni moja ni kama lita 3.8, kwa hiyo ile ya galoni 300 ni kama lita 1,100 na ya 600 ni kama lita 2,270 na ya 800 ni kama lita 3,000. Kwa mtiririko wetu wa lita 1,200 ile ya 300 haitoshi, chukua ya 600, uwe na nafasi ya pumzi meno yakianza kuota mwani.

Kwa nini usichukue tu ya galoni 1,200 yenye mabomba mawili ukalala usingizi? Kwa sababu kinachosukuma vipovu vitoke kwenye bomba ni spidi ya maji. Piga hesabu, bomba la inchi moja ukipitisha lita 1,200 kwa saa maji yanakwenda kama sentimita 65 kwa sekunde, kipovu kinaburutwa na kutupwa nje. Ukipitisha 400 maji yanakwenda kama sentimita 22 kwa sekunde, na kipovu cha milimita chache kinapanda kwenye maji kwa spidi inayokaribia hiyohiyo, kwa hiyo kinakaa palepale juu ya kona ya bomba kinasubiri wenzake. Wanakuja wanaungana, hewa inakuwa kubwa, saifoni inakatika. Ukiweka mabomba mawili kila moja linapata nusu ya maji, yaani usalama uliodhani umeununua umeugawa. Mabomba mawili yana maana kama pampu yako ni kubwa kiasi kwamba hata nusu yake inatosha kusafisha bomba moja. Pampu ndogo, bomba moja, na liwe la kuona ndani. Hilo la kuona ndani sitaki uliache, bomba jeusi au jeupe la PVC linakuficha habari muhimu kuliko zote kwenye huu mfumo wote.

Vingine vya kupima kabla ya kulipa: unene wa kioo pamoja na fremu kama ipo, maana kibano kina mwisho wake, nafasi kati ya tenki na ukuta kwa ajili ya kisanduku cha nje, usije ukafika nyumbani ndio unaanza kusogeza tenki la lita 250, na kama skrubu za kurekebisha ni za nailoni, za chuma hata wakikwambia ni stenlesi kwenye maji ya chumvi zinatoa kutu.

Hesabu ya mafuriko

Hapa soma taratibu, hapa ndio pana nyumba yako.

Kuna mafuriko ya aina mbili na kila moja ina dawa yake. La kwanza ni la umeme kukatika: pampu inasimama na maji ya juu yanashuka kwenye sampu, kupitia ovaflo hadi usawa wa meno, na pia yanarudi kinyumenyume kupitia bomba la kurudisha hadi mdomo wake utoke kwenye maji. Tenki la urefu wa sentimita 120 na upana 45, kila sentimita moja ya maji juu ni lita 5.4. Mdomo wa bomba la kurudisha ukiwa umezama sentimita 3, hizo ni lita 16 na kidogo, jumlisha maji yaliyomo kwenye mabomba na kisanduku, fanya 20 na kitu. Sampu yako lazima iwe na nafasi tupu ya lita 25 ikiwa inafanya kazi kawaida. Haina hiyo nafasi? Pandisha mdomo wa bomba uwe sentimita moja tu chini ya maji, umeshaokoa karibu lita 11. Unaweza pia kutoboa katundu ka milimita 6 kwenye bomba la kurudisha chini kidogo ya uso wa maji, maji yakishuka hapo hewa inaingia na kunyonya kunaisha, ila hako katundu kanaziba kwa chumvi na mwani kwa hiyo usikategemee kama hutakasafisha. Valvu ya kuzuia maji kurudi usiiamini kabisa kwenye maji ya chumvi, minyoo midogo ya magamba na chokaa vinaota ndani yake na haifungi tena siku unayoihitaji.

La pili ndio baya: saifoni imekatika lakini pampu inaendelea. Maji yanapanda hayashuki. Dawa yake haihitaji mashine yoyote, ni hesabu tu ya chemba ya pampu kwenye sampu. Maji yaliyomo kwenye chemba ya pampu, kuanzia yanapoanzia hadi pampu inapovuta hewa, yawe machache kuliko nafasi iliyobaki juu ya tenki. Tuseme tenki lako hilohilo lina nafasi ya sentimita 4 kutoka maji hadi ukingo, hiyo ni lita 21.6. Chemba ya pampu yenye sentimita 30 kwa 40 kila sentimita ni lita 1.2, pampu ikiweza kuvuta sentimita 15 za maji kabla haijakauka hizo ni lita 18. Lita 18 zinaingia kwenye nafasi ya 21.6, tenki linajaa hadi karibu na ukingo, pampu inaanza kupiga kelele ya kukosa maji, na sakafu yako ni kavu. Unaweza kuua pampu, ndiyo, lakini pampu inanunulika. Ikitokea lita 25 badala ya 18 basi weka kioo cha kugawa chemba, au hata mawe ndani yake, au nyanyua pampu ikae juu ya kipande cha plastiki ili ikauke mapema. Kila tenki lenye ovaflo ya kuning'iniza linapaswa kuwa na hesabu hii, na mtu yeyote anayekuuzia bila kukuuliza vipimo vya sampu yako amekuuzia kisanduku tu.

Halafu kuna ATO, ile ya kujaza maji yenyewe yanayopungua kwa mvuke. Wengi wanaisahau na ndio inayoharibu hesabu yote. Saifoni ikikatika maji ya chemba ya pampu yanashuka, ATO inaona maji yamepungua, inaanza kuleta maji matamu, pampu inayapandisha juu. Sasa lita 18 zako zimekuwa 18 pamoja na ndoo nzima ya ATO. Na hata yasipomwagika, mfumo wa lita 200 wenye chumvi ya 35 (sehemu 35 kwa elfu) ukiongezewa lita 25 za maji matamu unashuka hadi karibu 31, kwa usiku mmoja, matumbawe hayapendi kabisa. Kwa hiyo ndoo ya ATO iwe ndogo, ya mahitaji ya siku moja au mbili, na uihesabu ndani ya ile nafasi ya juu. Nani anataka usalama zaidi aweke flot swichi ya plastiki juu kwenye tenki, maji yakipanda kuliko kawaida inakata pampu, lakini ipitie relei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo) na volti ndogo, usipitishe umeme wa ukutani kwenye kitu kinachogusa maji ya chumvi. Na RCD, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, kwenye meni swichi sio anasa, ni lazima.

Kufunga na kuwasha

Kisanduku cha ndani ndicho kinachoweka usawa wa maji ya tenki, kipandishe au kishushe hadi upate ile nafasi uliyopiga hesabu hapo juu. Kisanduku cha nje kinyooke, tumia pimamaji. Kwenye tundu la kutokea weka tenki konekta (kiungio cha bomba kinachopita kwenye tundu), pete yake ya mpira ikae upande wa ndani wenye maji na ukaze kwa mkono tu, spana inapasua akriliki. Bomba la kushuka lishuke moja kwa moja bila kulala wala kufanya tumbo, kwenye tumbo hewa inakwama na maji yanaanza kushuka kwa kugwaya gwaya, na ncha yake izame kwenye sampu sentimita 2 tu hivi, ukizamisha sana hewa inakosa pa kutokea.

Kelele ya kunywa maji kama inakukera ndani ya kisanduku cha nje, tumia bomba la Durso, limechukua jina la Richard Durso wa Marekani aliyelieneza: ni paipu ya kusimama yenye T na elbo inayotazama chini, na juu kifuniko chenye katundu kadogo ka hewa. Unaanza na katundu kadogo kabisa unaongeza kidogo kidogo hadi kelele iishe. Sponji zinazokuja kwenye kisanduku cha nje mimi nazitoa siku ya kwanza. Zinaziba, maji yanapanda kwenye kisanduku cha nje, na yanamwagikia nyuma ya kabati ambako huoni.

Kuwasha: jaza maji visanduku vyote viwili kwa jagi hadi miguu ya bomba izame. Chukua mpira mwembamba wa pampu ya hewa, uingize kutoka mguu mmoja hadi ufike kabisa juu kwenye kona ya bomba, unganisha sirinji kubwa ya mililita 60 na uvute. Ikijaa hewa banisha mpira, toa hewa, vuta tena. Utaona maji yanapanda pande zote mbili yanakutana juu, na mara nyingi kinabaki kipovu kimoja kikubwa kwenye kona, usikiache, sogeza ncha ya mpira hadi kikaisha. Kisha vuta mpira nje taratibu ukiwa bado umeubana. Washa pampu.

Halafu jaribu kabla hujaiamini. Zima pampu kwenye soketi, subiri maji yatulie, washa. Rudia, rudia tena na tena, dakika moja, dakika kumi, kisha izime masaa manne matano mchana ukiwepo nyumbani, na kabla ya kuwasha angalia juu ya bomba la U kama kuna hewa iliyoingia. Ikiwepo kuna sehemu inavuja hewa au mguu mmoja hauzami vya kutosha. Kisha fanya lile jaribio ambalo watu wanalikwepa: ingiza hewa makusudi, ivunje saifoni, acha pampu iwake na usimame hapo na taulo. Angalia maji yanapoishia. Kama hesabu yako ni sahihi pampu itakauka kabla ya ukingo. Kama si sahihi utajua ukiwa umesimama hapo, mkono kwenye soketi.

Kuitunza

Kila unapolisha samaki tupa jicho juu ya bomba la U. Ni sekunde moja. Vipovu vidogo vinavyopita haraka sio shida, hewa inayokaa kwenye kona na kila siku ni kubwa kuliko jana ndio shida, itoe kwa sirinji na utafute sababu. Mara nyingi sababu ni mtiririko umepungua kwa vile pampu imejaa chokaa, kwa hiyo dawa ya ovaflo unaikuta kwenye pampu.

Meno yanaota mwani haraka kwa sababu yanapata mwanga na maji mengi, yapige kwa mswaki wa zamani kila wiki. Yakiziba nusu, maji ya tenki yanapanda na ile nafasi ya sentimita 4 uliyopigia hesabu inakuwa 3 bila wewe kujua. Konokono ndio adui wa pili, wanapanda usiku wanaingia kwenye kisanduku na mmoja tu akikaa kwenye mdomo wa bomba ameziba. Weka kichujio cha matundu makubwa kwenye mdomo wa bomba kama kuna nafasi, na ukisikia sauti ya maji imebadilika, inuka ukaangalie. Anemoni, wale wanyama laini kama maua, nazo zinatembea, ukiwa na anemoni ya nemo ambayo haijakaa mahali pamoja jua kwamba meno ya ovaflo yanaivuta. Mwanga unaofika kwenye bomba la kuona ndani unaotesha mwani ndani yake pia, mimi nalifunika na kipande cha plastiki cheusi kinachotoka kirahisi, nakitoa kuangalia narudisha.

Kila mwezi hivi lichomoe bomba lenyewe. Zima pampu na ATO kwanza, vyote viwili. Brashi ndefu inayopinda ndio inayofika kwenye kona, ile ya chupa haifiki. Utakuta utelezi wa kahawia ndani, ukiusugua unatoka wote, na utashangaa mtiririko unavyoongezeka. Kila miezi michache loweka visanduku na bomba kwenye siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, masaa machache hadi usiku mzima, ile chokaa ya zambarau na vijumba vyeupe vya minyoo vinatoa mapovu na kulainika. Asidi ya limau ya unga nayo inafaa. Suuza vizuri. Usitumie spiriti, dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, wala maji ya moto, akriliki inapata nyufa nyembamba nyembamba ambazo leo huzioni na baadaye zinavuja. Chumvi iliyoganda ukingoni ifute kwa kitambaa chenye maji ya RO (maji matamu yaliyochujwa madini), ikiachwa inatengeneza njia na maji yanaifuata matone kwa matone hadi kwenye ekstensheni. Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kwanza ndipo zipande, tone likifuata waya lidondoke sakafuni.

Kama una inveta, usiiwekee pampu ya sampu. Weka wevumeka. Matumbawe na samaki wanachohitaji giza likiingia ni maji kutikisika wapate hewa, betri itakaa muda mrefu zaidi, na ovaflo itakuwa imepumzika salama kwenye usawa wake. Pampu za sampu za DC zenye kuanza taratibu ni nzuri sana umeme ukirudi, zinaipa saifoni muda wa kuamka.

Ukikuta imegoma

Chomoa pampu ya sampu kwanza, kisha ATO, ndipo uanze kutafuta taulo. Usianze na saifoni. Angalia juu ya bomba kama ni hewa, angalia meno na mdomo wa bomba kama kumeziba, angalia kisanduku cha nje kama maji yamepanda humo, hapo kizibo kiko chini kwenye bomba la kushuka. Rudisha saifoni kwa sirinji, lakini usiwashe pampu kabla hujapima chumvi juu kwenye tenki na chini kwenye sampu, maana ATO ikiwa ilifanya kazi maji ya sampu yatakuwa yamepungua chumvi sana. Kama tofauti ni kubwa, toa sehemu ya maji ya sampu uweke yaliyochanganywa vizuri ya 35, na kama chumvi ya tenki lenyewe imeshuka ipandishe polepole, siku moja au mbili, sio saa moja. Sirinji na ule mpira mwembamba vifunge kwa kamba nyuma ya kabati hapohapo, na waonyeshe watu wa nyumbani soketi ya pampu ni ipi, ibandike karatasi nyekundu, ili hata dada au mtoto akisikia maji yanamwagika ajue cha kuchomoa wewe ukiwa kazini.